Uti wa Mpini: Fimbo ya Gofu Iliyoasi na Chombo Kilichotudanganya

Sajini mmoja mstaafu alitujia asubuhi moja akiwa amebeba fimbo moja tu ya gofu, kaifunga kwa magazeti makuukuu kama mtu atokaye sokoni na samaki. Jina lake hatulitaji, maana hakutupa ruhusa. Aliiweka juu ya meza yetu ya kazi, akasimama wima kana kwamba anatoa taarifa mbele ya afisa wa zamu, akasema, "Fundi, hii ni namba sita. Nyingine zote zinanitii, hii peke yake imeasi. Ama uitie adabu, ama uivunje mbele ya macho yangu."

Tukamwuliza, "Mzee, uasi wake ni wa namna gani?"

Akaeleza kwamba mpira hupaa juu kupita kiasi na kukimbilia kushoto. Si kila mara, bali mara tatu katika tano. Mambo hayo hayakuwako mpaka mpini wa asili ulipovunjika, na fundi mmoja akamtilia mwingine. Kisha akanyamaza kidogo, akatuambia neno ambalo hatukulitazamia. Mkono wake wa kushoto ulipata kuvunjika katika ajali ya lori la jeshi, na kwa muda wa miezi minane alikuwa akiamini kwamba ni mkono huo unaoanza kumsaliti. Alikuwa amekwisha azimia kugawa fimbo zake na kuacha mchezo. Jambo moja tu ndilo lililomzuia: mkono ukiwa mbovu, mbona namba tano na namba saba bado zinakwenda sawa?

Swali hilo ni la askari aliyezoea bunduki. Wasomaji wetu walio kambini na katika vituo vya polisi wanajua tofauti baina ya mlengaji ambaye risasi zake zote hukusanyika mahali pamoja palipo kando ya shabaha, na yule ambaye risasi zake hutawanyika ovyo. Wa kwanza hurekebishiwa bunduki. Wa pili hurudishwa mafunzoni. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, mkaguzi mwema hutazama silaha kwanza. Nasi tulikubali kuitazama silaha ya Sajini, na katika kuitazama tukafanya kosa letu wenyewe, ambalo tutalieleza hapa bila kulificha, kwa kuwa ndilo lililotufundisha zaidi ya yote.

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachopiga mpira, mpini mrefu ulio mrija mtupu ndani, na mshiko wa mpira au ngozi unaoviringishwa juu. Kanuni za mchezo zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na kikomo hicho kimekuwapo tangu mwaka 1938 katika Marekani na 1939 katika Uingereza. Katika nchi hizo wako watu wengi ambao hawanunui fimbo zilizokwisha undwa. Hununua vichwa, mipini na mishiko mbalimbali, wakaviunga wenyewe nyumbani, katika gereji au chumba cha uani. Kwetu huku, ingawa gofu ilifika zamani, na uwanja wa Entebbe una historia inayoanzia mwaka 1901, ufundi huu aghalabu huanza kwa dhiki. Mtu hupata fimbo za mitumba, moja huvunjika, na duka la kununulia mpini wa kufanana nao haliko. Hapo ndipo kila mwenye jiliwa na tupa hugeuka fundi wa gofu, naye mara nyingi hana wa kumwuliza.

Kuna jambo katika kazi hiyo ambalo wengi hawalijui kabisa, na wale wanaolijua hubishana juu yake bila kuchoka. Mpini wa gofu, ujapokuwa mviringo machoni, aghalabu haupindi kwa ugumu uleule pande zote. Uko mstari ambao juu yake mpini ni mgumu zaidi, na mafundi wameupa mstari huo jina la uti wa mgongo. Wanasema kwamba anayetia mpini kichwani bila kujua uti wake umeelekea wapi anafanya kazi ya bahati nasibu. Fimbo moja itakuwa na uti unaoelekea shabaha, ya pili unaoelekea miguu ya mchezaji, ya tatu uko katikati; ijapo zimetoka kiwanda kimoja, mkononi hazitafanana.

Ugumu huo unatokana na jinsi mpini unavyotengenezwa. Hapo zamani mipini ilikuwa ya mti wa hickory wa Marekani, na kila mpini ulikuwa na tabia yake, kama mipini ya majembe ilivyo hata leo. Chama cha gofu cha Marekani kiliruhusu mipini ya chuma cha pua mwaka 1924, na wakubwa wa St Andrews huko Scotland wakafuata mwishoni mwa 1929. Mwaka 1931 Billy Burke alikuwa mtu wa kwanza kushinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa fimbo za chuma. Mwaka mmoja kabla yake, Bobby Jones alikuwa amenyakua mashindano makubwa yote manne ya wakati ule kwa mipini ya mti. Bwana huyo anastahili kutajwa katika ukurasa huu kwa sababu nyingine pia. Vita Kuu ya Pili ilipofika aliingia jeshini akiwa mtu wa miaka 40, ijapo angeweza kukaa nyumbani, na mwezi Juni 1944 alishuka Normandy pamoja na majeshi ya washirika.

Juu ya fimbo zake mafundi wamesimulia kisa kimoja tangu zamani, nasi tunakitoa kama masimulizi tu. Wanasema Jones alizichagua fimbo zake moja moja kwa kuzipima mkononi, na miaka mingi baadaye zilipopimwa kwa mitambo zikaonekana kuwa zimelingana kwa namna ya ajabu, isipokuwa moja. Naye mwenyewe, wanasema, alikuwa akilalamika siku zote kwamba fimbo hiyo moja hakuielewa. Tulipomsimulia Sajini kisa hiki alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Turudi kwenye chuma. Mpini wa chuma huanza kama bamba refu jembamba. Bamba huviringishwa na kuungwa kwa moto likawa bomba, kisha bomba likavutwa tena na tena katika kalibu mpaka likawa jembamba na refu, na mwishowe likapunguzwa kipenyo ngazi kwa ngazi kuelekea upande wa kichwa. Ngazi hizo ndizo zile pete ndogo tunazoziona juu ya mpini. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mshono wa mwanzo hauonekani tena kwa macho, lakini unene wa ukuta waweza kubaki na upungufu kidogo huku na ziada kidogo kule.

Mipini ya nyuzi za kaboni, iliyoanza kuonekana kuelekea miaka ya 1970, ina njia yake ya kupata uti. Karatasi za nyuzi zilizoloweshwa gundi huviringishwa juu ya ufito wa chuma, zikabanwa kwa utepe, zikapikwa katika joko, kisha ufito ukachomolewa na mpini ukasuguliwa uwe laini. Mahali karatasi zinapopandana pana unene zaidi. Kadhalika, mpini usiokuwa mviringo barabara ukisuguliwa kwa mashine, mashine hula nyuzi nyingi upande mmoja kuliko mwingine.

Msomaji atauliza kama tofauti ndogo namna hiyo yaweza kweli kuwa na uzito wowote. Jibu limo katika hesabu ya mirija. Katika mrija mwembamba, ugumu wa kupinda hufuata unene wa ukuta moja kwa moja, lakini hufuata kipenyo kwa nguvu kubwa zaidi. Kipenyo kikiongezwa sehemu moja katika kumi, unene wa ukuta ukibaki uleule, ugumu huongezeka kwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo mpini uliokaa umbo la yai kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, tayari una upande wa nguvu na upande wa udhaifu.

Basi tukaanza kazi. Tuliondoa mshiko kwa kisu, tukapasha moto shingo ya kichwa mpaka gundi ikalegea, tukakivuta kichwa. Mpini ukabaki peke yake mezani, wa chuma, umenyooka, au tulivyodhani.

Chombo tulichokuwa nacho tulikiunda wenyewe, na nduguze wamo katika maelfu ya gereji za ng'ambo. Ni kipande cha bomba nene kilichotiwa beringi mbili. Sehemu nene ya mpini hupenyezwa katika beringi, kisha fundi huubonyeza mpini chini kwa mkono mmoja karibu na ncha, akauacha uzunguke wenyewe. Mpini hauna hiari. Ukibonyezwa hujigeuza mpaka upate mahali panapoupa raha, yaani mahali pa kupinda kwa taabu ndogo. Fundi hutia alama hapo, akasema, huu ndio upande laini, na uti upo kando yake. Chombo hiki hufurahisha sana, kwa kuwa mpini huruka mkononi kama kitu chenye uhai. Mpini wa Sajini uliruka kwa nguvu na kutulia mahali pamoja. Tukaurudia mara kumi, mara kumi ukatulia palepale. Tukatia alama kwa kalamu nyekundu, tukaugandisha kichwani kwa gundi ya epoksi, alama ikitazama shabaha, tukausubiri saa 24, tukatia mshiko mpya, tukampelekea mwenyewe kwa fahari.

Baada ya juma moja alirudi. Hakuwa na magazeti safari hii, aliishika mkononi hadharani. "Fundi," alisema kwa upole ulioumiza kuliko ukali, "umeivika sare mpya, lakini bado ni ileile."

Usiku ule tulikaa tukifikiri, na jambo lilipotufunukia tulijionea haya. Mpini wenye uti, ukiwa umenyooka sawasawa, una ugumu uleule ukipindwa juu au chini katika mstari mmoja. Chuma hakijui juu wala chini. Kinachojua ni unene na kipenyo. Kwa hiyo mpini ulionyooka wenye uti ukibonyezwa katika beringi ni lazima uwe na mahali pawili pa kutulia, pamoja papo upande huu, na pengine ng'ambo yake kabisa, digrii 180 mbali. Wa Sajini ulikuwa na mahali pamoja tu. Mpini wenye mahali pamoja pa kutulia unasema neno jingine kabisa: mimi nimepinda. Kwa sababu mpini uliopinda tangu mwanzo, ukibonyezwa, hujigeuza ili upinde ule wa asili uangalie kule unakobonyezewa. Beringi zetu hazikutuonyesha uti hata kidogo. Zilituonyesha kombo, nasi tukalipa kombo hilo jina la uti na kulielekeza kwenye shabaha kwa heshima zote.

Twasema hivi kwa mkazo kwa kuwa chombo cha beringi kingali kinaaminiwa sana na mafundi wa nyumbani. Si chombo kiovu. Lakini huchanganya mambo mawili katika jibu moja, upinde na uti, na fundi asiyetenganisha kwanza hawezi kujua amepewa lipi.

Kulitambua kombo ni kazi rahisi, na askari aliyewahi kukagua bunduki ataielewa mara moja. Tuliuelekeza mpini mtupu kwenye mwanga wa dirisha tukachungulia ndani yake, kama mtu achunguliavyo mtutu uliosafishwa. Mrija ulionyooka huonyesha pete za kivuli zilizokaa moja ndani ya nyingine, zote na kiini kimoja. Mrija uliopinda huonyesha pete zilizoegemea upande. Zetu ziliegemea. Kisha tukauviringisha mpini juu ya kioo cha meza, na ncha yake ikapanda na kushuka karibu milimita mbili. Mpini wa chuma uliopinda kidogo huweza kunyooshwa kwa mikono juu ya kipande cha mti kilichofunikwa nguo, polepole, kwa kuubonyeza na kuutazama, kuubonyeza na kuutazama. Wa nyuzi za kaboni hauna dawa hiyo; ukiulazimisha utapasuka.

Baada ya kuunyosha tulitafuta uti wa kweli kwa njia ya mtetemo, ambayo upinde hauwezi kuidanganya. Njia yenyewe ni hii. Sehemu nene ya mpini, kiasi cha sentimita 12, hubanwa katika jiliwa kwa vipande viwili vya mti mgumu vilivyochongwa mfereji ndani, maana meno ya jiliwa yakiugusa mrija yatauponda. Kwenye ncha hufungwa uzito wa gramu 250 hivi uliokaa sawa pande zote, na juu ya uzito huo taa ndogo ya leza, mfano wa zile ambazo walimu huelekezea ubaoni, ikimulika ukutani. Mpini huvutwa kando kidogo na kuachiwa. Nukta ya mwanga ukutani ndiyo itakayosema kweli.

Ukiuvuta katika mstari wa uti, nukta huenda na kurudi katika mstari ulionyooka mpaka mtetemo ufe. Ukiuvuta katika mstari ulio digrii 90 kutoka hapo, mambo ni yayo hayo. Lakini ukiuvuta popote pengine, nukta huanza kwa mstari, kisha hunenepa ikawa umbo la yai, na yai likazidi kuzunguka na kugeuka. Sababu yake ni kwamba mpini una mitetemo miwili, wa haraka katika mstari mgumu na wa polepole katika mstari laini. Huanza pamoja kama askari wawili wenye hatua tofauti, na baada ya kitambo mmoja ameshamwacha mwenziwe. Kazi ya fundi ni kugeuza mpini kidogo kidogo katika jiliwa, kuvuta na kuachia, mpaka apate mahali ambapo nukta haiachi mstari. Hapo hutia alama.

Njia hii ina faida nyingine ambayo tuliipenda sana, nayo ni kwamba hupima pia ukubwa wa tofauti. Vuta mpini katikati ya mistari miwili, yaani digrii 45 kutoka kila mmoja, ukahesabu sekunde mpaka mstari wa mwanga ugeuke duara. Gawanya 15 kwa sekunde hizo, na jibu litakuwa idadi ya mitetemo ambayo mstari mgumu unauzidi mstari laini kwa dakika. Mpini wa Sajini uligeuza duara baada ya sekunde tatu, yaani tofauti ya mitetemo mitano kwa dakika. Ili msomaji apime uzito wa namba hiyo, ajue kwamba mafundi wengi huhesabu mitetemo kumi kuwa daraja zima la ugumu. Kwa hiyo mpini ule ulikuwa na nusu daraja ya ziada katika mstari mmoja. Si jambo dogo, wala si jambo la kuufanya mpira ukimbie kushoto mara tatu katika tano.

Hapo ndipo tulipofanya ambalo tungalipaswa kulifanya siku ya kwanza. Tulimwomba Sajini atuletee namba tano na namba saba. Tukazibana moja moja katika jiliwa kwa mshiko wake, tukazitetemesha, tukazipiga picha kwa simu katika mwendo wa polepole na kuhesabu. Namba tano ilitetema mara 301 kwa dakika, namba saba mara 309. Fimbo za chuma huzidi kuwa fupi na ngumu kadiri namba inavyopanda, kwa hiyo namba sita ilistahili kukaa katikati, kama 305. Ilitetema mara 294. Ilikuwa laini kuliko ndugu zake kwa daraja zima na zaidi.

Kisa chake kilikuwa wazi. Mipini ya namna ile huja mirefu, na fundi hutakiwa kuikata upande wa ncha, ule mwembamba, kwa kipimo kinachoongezeka kwa kila namba, aghalabu nusu inchi. Ndipo ubaki ugumu unaotakiwa. Aliyetia mpini ule alikuwa ameukata upande wa mshiko peke yake. Urefu ulikuwa sahihi, jicho likaridhika, lakini udhaifu wote wa ncha ulibaki chini karibu na kichwa, mahali penye kazi kubwa. Mpini laini namna hiyo hukirusha kichwa mbele kabla ya wakati. Mpira hupaa, na kwa mchezaji wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Mkono wa Sajini haukuwa na hatia yoyote.

Tulipata mpini wa badala kutoka namba sita iliyotupwa, ya aina ileile na yenye kichwa kilichopasuka. Ulinyooka. Tulipoutetemesha, duara lilikuja baada ya sekunde 12 na ushei, yaani tofauti ya mtetemo mmoja tu na kidogo. Mipini mizuri ya leo mingi iko hivyo. Viwanda vimeendelea sana, na uti ambao zamani ulikuwa mlima sasa mara nyingi ni kichuguu. Tuliuelekeza uti huo vilevile, kwa kuwa kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi na alama ikishatiwa haigharimu kitu.

Kuhusu mahali pa kuuelekeza, mafundi wana madhehebu. Wako wanaotaka mstari laini utazame shabaha, wengine wanataka mstari mgumu, na kila kundi lina ushuhuda wake. Maoni yetu ni kwamba mpini wakati wa kupiga hupinda huku na huku, mbele na nyuma, na tena kuelekea chini kwa uzito wa kichwa, hata hakuna mstari mmoja unaoweza kudai kazi yote. Neno lenye maana ni kwamba fimbo zote za mchezaji mmoja zielekezwe kwa namna moja. Sisi tuliweka mstari laini kwenye shabaha, na tukimwundia mtu seti nzima, zote huwa hivyo.

Sheria nayo ina neno lake. Kanuni za gofu zinataka mpini upinde sawasawa namna yoyote utakavyozungushwa. Lakini wenye kanuni wanajua kwamba hakuna kiwanda kinachofikia ukamilifu, kwa hiyo fundi anaruhusiwa kuelekeza uti ili fimbo ifanye kazi kana kwamba mpini hauna kasoro. Linalokatazwa ni kutengeneza kwa makusudi mpini wenye pande mbili za tabia ili kupata faida. Tena mwenye fimbo kubwa ya kuanzia, zile za siku hizi zenye shingo ya kufunguliwa kwa ufunguo, ajihadhari. Katika baadhi yake, kila akibadili pembe ya kichwa huuzungusha mpini mzima, na alama ya fundi huenda ikatazama nyuma bila yeye kujua.

Wako ng'ambo wafanyabiashara wanaotoza fedha nyingi kuelekeza mipini kwa mashine za kompyuta, na wachezaji mashuhuri wamezitumia. Hatuwezi kusema wanadanganya. Twasema tu kwamba mtu mwenye mshahara wa kawaida asikimbilie uti kabla hajatazama mambo matatu yaliyo mbele yake: je, mpini umenyooka, je, ugumu wake unapangana na wa ndugu zake, na je, shingo ya kichwa ilisafishwa kwa msasa hata gundi ikashika. Sisi tulianzia mwishoni, ndiyo maana tuliifanya kazi moja mara mbili. Anayefanya kazi ya moto kwenye shingo ya fimbo yenye mpini wa nyuzi za kaboni atumie moto mdogo na avute moja kwa moja bila kusokota, la sivyo gundi iliyomo ndani ya mpini wenyewe itaungua na mpini utakuwa wa kutupa.

Fimbo ilipokamilika tulihesabu tena: 304. Tulikwenda na Sajini mpaka kwenye kiwanja cha mazoezi. Aliweka mipira kumi katika mstari, akazipiga bila haraka, akitazama kila mmoja mpaka utulie ndipo ajongee kwenye mwingine. Nane ilikwenda mbele yake, ikaanguka pamoja katika eneo ambalo mtu angeweza kulifunika kwa hema moja. Miwili ilikwenda kushoto.

Tulingoja aseme neno. Aliifuta uso wa fimbo kwa kitambaa, akairudisha mkobani baina ya namba tano na namba saba.

"Hiyo miwili, fundi," akasema, "ni yangu mwenyewe."